Utangulizi: Kilichobaki Baada ya Barua

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi katika kiwanda kimoja cha nguo. Barua ilimfikia katikati ya miaka ya 1990: ukurasa mmoja, unamshukuru kwa utumishi wa miaka 19 na kumwarifu kuwa nafasi yake imefutwa. Barua yenyewe siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni alfajiri iliyofuata. Aliamka saa kumi na moja kama siku zote, akaoga, akavaa bwelasuti yake, akaketi barazani hadi kukapambazuka. Alifanya hivyo wiki tatu mfululizo. Mama hakumuuliza neno. Alimpelekea chai palepale barazani, saa ileile ambayo zamani baba aliinywa wima huku akisikilizia honi ya basi la kiwanda.

Nilikutana tena na alfajiri ile nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, ndani ya kitabu kilichochapishwa mwaka 1933. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walifanya utafiti katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, karibu na Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikikilisha kijiji kizima kilikuwa kimefungwa, na familia 478 zilikuwa zimebaki zikitazamana. Watafiti hawakutosheka na kuuliza maswali. Waliandika milo ya watoto, walisoma shajara, walikaa dirishani na saa mkononi wakiwatazama watu wanavyopita barabara kuu. Waliona kwamba wanaume walisimama mara kwa mara njiani, kwa kuwa hawakuwa na wanakowahi, ilhali wanawake walipita moja kwa moja. Kupika, kufua na kulea hakukufutwa na barua ya mtu yeyote. Waliona pia jambo ambalo hadi leo linanisumbua: muda wa kusoma ulikuwa tele, ada ya maktaba ya kijiji iliondolewa, na bado idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka karibu nusu.

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Kiwanda kilikuwa kikimlipa mshahara, lakini pia kilikuwa kikimkatia siku vipande vipande na kumkabidhi kila kipande kikiwa na jina lake: zamu, chai, mlo, filimbi ya kutoka. Jahoda alikuja kulieleza jambo hili kwa ukamilifu mwaka 1982. Ajira, alisema, humpa mtu mpangilio wa muda, watu wa kuonana nao nje ya familia, lengo lililo kubwa kuliko yeye, hadhi ya kutambulika kwayo, na ulazima wa kufanya jambo kila siku. Mtu hayajui haya akiwa nayo, kwa sababu hakuna aliyeyaandika kwenye mkataba. Nani anahitaji lipi zaidi kati ya hayo, na anapangaje maisha yake baada ya kunyang'anywa, ndilo swali linaloibeba taaluma ya ushauri wa kazi, ninayokukaribisha kuisoma.

Karibu, basi. Na kama umekifungua kitabu hiki ukiwa na barua yako mwenyewe mfukoni, usianzie sura ya kwanza. Nenda sura ya tano, inayohusu sheria na mafao, kwa kuwa baadhi ya haki zina muda wa kudaiwa. Nadharia itakusubiri.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu maneno. Kiswahili kina kazi, ajira, kibarua, shughuli na riziki, na kila neno lina uzito wake. Mama anayeuza mkaa kuanzia alfajiri hadi usiku anaweza kukuambia hana kazi, akiwa na maana kwamba hana ajira. Kijana anayepanda basi Singida kuja Dar es Salaam hasemi anakwenda kutafuta kazi. Anakwenda kutafuta maisha. Wanafunzi wangu hudhani hizi ni kasoro za lugha isiyo na istilahi. Mimi naona kinyume. Mtu aliyesema anatafuta maisha amekwisha kukiri kwamba ajira ni chombo, na kwamba kuna kitu kingine anachokusudia kukifikia kwa chombo hicho. Katika kitabu hiki nimeuita mfuatano wa ajira na shughuli za mtu njia ya kazi, na kile anachokitafuta humo nimekiita tunu ya kazi. Nimelichagua neno tunu kwa sababu tunu ni kitu cha thamani kinachohifadhiwa ndani. Hakitandazwi barazani kila mgeni akione, na wakati mwingine mwenyewe husahau alikiweka wapi.

Mwanzo wa taaluma hii huhesabiwa Januari 1908, jijini Boston, Marekani, pale Frank Parsons alipofungua ofisi ya kuwashauri vijana, wengi wao kutoka familia za wahamiaji, kuhusu kuchagua kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, yeye akiwa amekwisha kufariki. Rai yake inasemeka kwa pumzi moja: jijue, zijue kazi zilizopo, kisha pima kwa akili jinsi hayo mawili yanavyokutana. Mihadhara mingi ya ushauri wa kazi inayotolewa shuleni kwetu inaishia hapo. Haitaji kwamba Parsons mwenyewe alihitimu uhandisi mwaka 1873, akaajiriwa na kampuni ya reli, na kampuni ikafilisika katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka huohuo. Mhandisi yule akajikuta kibarua katika kiwanda cha chuma, baadaye mwalimu, baadaye mwanasheria. Yaani mtu aliyetufundisha kupanga alikuwa mtu ambaye mpango wake wa kwanza ulivunjwa na wengine. Naona ni kosa kumfundisha Parsons bila kufundisha habari hiyo, maana wanafunzi hutoka darasani wakiamini kwamba kupanga njia ya kazi ni jambo la mwenye uhakika wa kesho.

Baada ya Parsons, wataalamu walitumia muda mwingi kupima vipaji na mambo yanayompendeza mtu. Donald Super ndiye aliyesisitiza, tangu kitabu chake cha mwaka 1957, kwamba kuchagua kazi si tukio la siku moja bali ni jambo linalokua pamoja na mtu tangu utoto hadi uzee, na akatengeneza dodoso la kupima tunu za kazi. Tofauti kati ya kupenda na kuthamini ni nyembamba lakini ndiyo mlango wa somo zima. Wauguzi wawili wanaweza kuipenda kazi ya wodini kwa kiasi kilekile. Mmoja anaithamini kwa sababu humpa nafasi ya kumhudumia mtu aliye taabani. Mwingine kwa sababu ni kazi inayohitajika kila wilaya, hivyo anaweza kumfuata mwenza wake popote atakapohamishiwa. Mradi wodi ipo na mshahara unaingia, huwezi kuwatofautisha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, somo hili lina tarehe zake, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo penye utajiri ambao vitabu vya Boston havina.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege katika nchi tatu waligundua kwamba mwajiri wao hayupo tena. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa saini mwaka 1984, na bado katika miaka ya 2000 wastaafu wa upande wa Tanzania walikuwa wakidai mafao yao, wengine wakiwa wazee wa mkongojo. Watoto wao walikua wakijua neno mafao kama jina la kitu kinachosubiriwa.

Halafu ukaja wakati wa mashirika ya umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limefanya utumishi wa umma kuwa zaidi ya ajira. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni, na kumiliki nyumba ya kupangisha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhitimu wa chuo kikuu Tanzania alipangiwa kazi na serikali, kwa hiyo swali la kijana msomi lilikuwa atapelekwa wapi, wala si kama atapata. Shirika lilikuwa na nyumba, zahanati, basi na timu ya mpira. Majina ya timu kama Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza yanatukumbusha jinsi kazi na utambulisho vilivyokuwa kitu kimoja. Lakini katika miaka ya 1980 mshahara uliyeyuka mbele ya bei za vitu. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu Dar es Salaam, ameeleza jinsi watu wa ngazi zote, kuanzia wafagizi hadi wasomi, walivyoanzisha shughuli za pembeni walizoziita miradi: kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe wa maziwa, maandazi, vitumbua, cherehani. Mshahara ulibaki kwa ajili ya jina na kadi ya matibabu. Mradi ndio uliolisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko, na likahalalisha kilichokuwa kikifanyika tayari.

Kwa hiyo punguzo lilipokuja halikuwakuta watu wamelala. Kuanzia mwaka 1993 mageuzi ya utumishi wa umma yaliwaondoa makumi ya maelfu ya watumishi, na tume iliyoundwa kurekebisha mashirika ya umma ilikabidhiwa mashirika karibu 400 ya kuuza, kukodisha au kufunga. Kenya nayo, miaka hiyohiyo, iliwashawishi watumishi wastaafu mapema kwa hiari kwa kuwapa donge la pesa. Neno la Kiswahili lililoenea Tanzania, kupunguzwa, linanichoma kila ninapolisikia. Chumvi hupunguzwa. Mtu aliyeambiwa amepunguzwa husikia kwamba ameonekana amezidi.

Nikiwa mtafiti kijana nilianza kuwasikiliza watoto wa nyumba hizo, waliokuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na nikawa naandika nasaha mbili walizopewa na wazazi wao. Ya kwanza: usitegemee mshahara, uwe na cha kwako. Ya pili: tafuta kazi ya serikali, hata kama inalipa kidogo. Mara nyingi nasaha zote mbili zilitoka kinywa kimoja, kwa mtoto mmoja. Baba alinipa zote mbili mimi. Kwa muda mrefu nilidhani ni mkanganyiko wa wazee waliojeruhiwa, nikaandika hivyo hata katika makala yangu ya kwanza. Nilikosea. Nasaha zote mbili zinalinda tunu ileile, usalama. Moja inautafuta usalama kwa kugawa mayai katika vikapu vingi. Nyingine inautafuta kwa kuegemea mti ambao ndio wa mwisho kuanguka. Mipango miwili inayopingana, tunu moja.

Na kinyume chake ni kweli. Chukua watu wawili waliopunguzwa siku moja, wote wakafuga kuku. Ukiwauliza mpango wao watakupa jibu moja, hadi idadi ya vifaranga na bei ya pumba. Baada ya mwaka mmoja ndipo utaona mmoja ameongeza banda kwa sababu hataki tena kumwambia mtu yeyote shikamoo ya kikazi, na mwingine amemwachia mpwa wake kuku na kurudi kupeleka barua za maombi, kwa sababu kuku walikuwa mahali pa kungojea tu. Mpango mmoja, tunu mbili. Hili ndilo jambo ambalo ningependa uingie nalo katika sura zinazofuata: mpango wa mtu unaweza kuujua wote na usijue hata tunu yake moja. Ajira ikiwa imetulia, mpango na tunu hulala kitanda kimoja na huwezi kuvitenganisha. Kupunguzwa ndiko kunakovitenganisha, na kwa sababu hiyo mtu anayetaka kuelewa jinsi watu wanavyopanga njia zao za kazi hawezi kuyaacha mapunguzo kando kama ajali.

Mtaalamu aliyelisogelea jambo hili zaidi ni Edgar Schein. Aliwafuatilia wahitimu 44 wa shule ya menejimenti ya MIT, waliomaliza kati ya mwaka 1961 na 1963, na akarudi kuwahoji baada ya miaka zaidi ya kumi. Kazi zao zilikuwa zimetawanyika kila upande, lakini sababu walizotoa kila walipohama zilirudiarudia. Mmoja kila mara alirudi kwenye ufundi wake, mwingine kwenye uhuru, mwingine kwenye uhakika. Schein akakiita kitu hicho nanga. Kwa msomaji aliyekulia Tanga au Lamu mfano huu hauhitaji maelezo marefu: jahazi lililotia nanga maji yakiwa yametulia linaonekana limesimama lenyewe, na mkondo ukivuta ndipo kamba inapokaza na ukajua nanga imeshika wapi.

Baba alipopata kiinua mgongo alinunua Hiace ya daladala, kama walivyofanya wengi wa kundi lake. Mwenzake wa kitengo kilekile, mwenye mshahara uleule na barua ileile, alifungua karakana ya kutengeneza cherehani na mashine ndogondogo. Yule bwana alichangamka kama aliyefunguliwa pingu. Alikuwa akimwambia baba kwamba kiwanda kilimchelewesha. Nanga yake ilikuwa mikononi mwake, katika ufundi, naye akaondoka nayo getini. Hiace ya baba ilikufa ndani ya miezi 14, na sisi nyumbani tulidhani huzuni yake ni ya Hiace. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa, cheo kisicho na senti. Akaanza tena kuamka saa kumi na moja, safari hii akiwa na pa kwenda: kufungua kituo, kuandika ndoo, kugombana na fundi wa pampu. Alikuwa mtu wa kazi kubwa inayofanywa na wengi pamoja. Hakuna aliyemuuliza hilo siku alipopewa hundi, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuulizwa popote.

Simulizi hii isikufanye uamini kwamba mambo yote ni ya moyoni. Nchini Marekani, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan walichunguza kumbukumbu za mishahara ya wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Wafanyakazi waliokuwa wamekaa na mwajiri wao miaka sita au zaidi, wakaondolewa kampuni ilipopunguza watu kwa wingi, walikuwa bado wanapata pungufu ya karibu asilimia 25 ya kipato ambacho wangekuwa nacho, hata miaka mitano baadaye na wakiwa wamekwisha kupata kazi nyingine. Sehemu ya maelezo ni kwamba ujuzi mwingine hauna soko nje ya geti. Baba aliijua kila mashine ya aina fulani kwa mlio wake, na mashine hizo zilikuwa mahali pamoja tu. Kwa hiyo uaminifu wa miaka mingi, tunaoufundisha kama fadhila, una bei ambayo mwajiri haioni na mfanyakazi huilipa mwishoni.

Sheria zetu hulipima jambo hili kwa vipimo tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zinazohusika, na kushauriana kuhusu sababu, njia za kuepuka punguzo na namna ya kuchagua wa kuondoka. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mfanyakazi wa miaka 20 basi, akiwa Tanga anadai kisheria siku 70. Akivuka Horohoro akawa Mombasa, siku 300. Mikataba ya hali bora ya vyama vya wafanyakazi inaweza kuongeza juu ya hapo, na ndiyo sababu moja kwa nini wenye chama hupanga tofauti na wasio nacho. Tarakimu hizi huwa ninawaandikia wanafunzi ubaoni siku ya kwanza. Mshauri wa kazi asiyezijua anampa mtu maneno matamu juu ya tunu zake huku akimwacha apoteze fedha ambazo zingempa miezi ya kuzifikiria hizo tunu.

Wako pia waliobaki. Joel Brockner wa Chuo Kikuu cha Columbia amewachunguza kwa miaka mingi wafanyakazi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha, na fundisho lake kuu ni kwamba namna wenzao walivyoondolewa ndiyo inayoamua jinsi wao watakavyoendelea kufanya kazi. Wakiona haki ilitendeka na maelezo yalitolewa, moyo hurudi. Wakiona wenzao walitolewa kwa kificho, hubaki kwa mwili na kuanza kupanga safari yao kimyakimya. Ofisini kwetu utawatambua: ghafla mtu anasoma shahada ya pili jioni, ananunua kiwanja Chanika, anajiunga na vikoba viwili. Hajapunguzwa, lakini punguzo limeingia ndani ya kalenda yake.

Tumeyaona haya upya hivi karibuni. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye washauri nasaha wa VVU, wahudumu wa jamii, madereva na maofisa takwimu wa miradi ya afya kutoka Kampala hadi Mbeya waliagizwa wasiende kazini. Kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada. Jihadhari na neno mradi hapa. Katika miaka ya 1980 mradi ulikuwa kile ulichokianzisha mwenyewe ili usitegemee ajira. Sasa ulikuwa umegeuka kuwa ajira yenyewe, yenye mshahara mzuri kuliko wa serikali na mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa. Wanafunzi wangu wa zamani waliokuwa humo waliniandikia. Wengi walianza na mkopo wa benki na ada za shule. Lakini muuguzi mmoja aliandika kuhusu wagonjwa wake tu, akiwataja kwa namba za mafaili, akiuliza nani atawapigia simu wasipokuja kuchukua dawa. Hiyo nayo ni tunu, na imepunguziwa mahali pa kuishi.

Sasa niseme ninapotofautiana na waasisi. Wale wahitimu 44 wa Schein walikuwa wanaume, wenye shahada, katika uchumi uliokuwa ukikua, na kila mmoja alihojiwa kana kwamba nanga ni yake peke yake. Kwetu jahazi lina abiria. Mwalimu anayebaki kwenye ajira ya serikali asiyoipenda anaweza kuwa anashikilia kadi ya bima ya afya ya mama yake mgonjwa, na kwa kuishikilia anampa mkewe nafasi ya kujaribu biashara ya vitenge kutoka Kigoma. Ukimpa dodoso mwalimu yule peke yake atatoka mtu wa usalama, mwoga wa kuthubutu. Ukiitazama nyumba nzima utaona imegawana: mmoja ametia nanga, mwingine ametweka tanga, na huwezi kuuelewa ujasiri wa mmoja bila utulivu wa mwingine. Kumpunguza mwalimu huyo ni kumpunguza na mfanyabiashara ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote. Kwa imani yangu, mchango ambao Afrika Mashariki inaweza kuutoa katika taaluma hii uko hapa, katika kuzisoma tunu kama mali ya nyumba inayopangwa na kupingwa mezani, na nimeipa hoja hiyo sura tatu.

Najua swali linalokuja. Kama barua inaweza kufika wakati wowote, kupanga kuna maana gani? John Krumboltz na wenzake, katika makala ya mwaka 1999, walijibu kwamba yasiyotarajiwa ni sehemu ya kawaida ya njia ya kazi, na kwamba mtu anaweza kujizoeza kuyapokea kwa udadisi, uvumilivu na utayari wa kubadilika. Ninawakubalia nusu. Udadisi haulipi kodi ya nyumba, na kuna wakati nadharia hii imetumiwa kumbebesha aliyepunguzwa mzigo wa aliyempunguza. Nusu ninayoikubali ni hii: mpango ulioandikwa kwa vyeo na miaka huvunjika wote kwa pamoja, lakini mpango ulioandikwa kwa tunu huvunjika upande mmoja. Baba angekuwa na mpango wa aina hiyo, asingenunua Hiace.

Darasani kwangu tuna zoezi la jioni moja. Kila mwanafunzi anaandika mambo kumi anayotaka kazi impe, kisha namwambia barua imefika, akate matatu. Halafu matatu mengine. Kufikia hapo chumba huwa kimya. Wengi huanza kwa kukata kusafiri na sifa, na hukwama kwenye jambo ambalo hawakutegemea: kuwa karibu na wazazi, au kutokupigiwa kelele na mtu. Kisha huwa nawauliza kama waliandika orodha yao wenyewe au ya nyumbani kwao, na mjadala huendelea hadi mlinzi anakuja kuzima taa.

Kabla hujaifungua sura ya kwanza, nina ombi moja. Mtafute mtu aliyewahi kupunguzwa: mjomba, jirani, shangazi aliyekuwa karani wa bandari. Msalimie vizuri, kaa naye, mpe muda. Usimuulize alilipwa kiasi gani. Muulize alikuwa akiamka saa ngapi wiki ile ya kwanza, na alikuwa akienda wapi.